Safu ya Chini

"Kama pale iko pazuri vile, juu ya nini hakuna muti hata moya?"

Aliyeuliza ni Odette, Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, ndani ya ukumbi wa parokia kule Ruashi, pembeni ya mji. Nilikuwa na miaka kumi na sita, yeye kumi na saba. Tulikuwa vijana ishirini hivi, tumezunguka meza mbili za ping-pong zilizounganishwa na kufunikwa kwa karatasi kubwa, na juu ya karatasi tulikuwa tumechora mtaa wetu wote: barabara, forage ya kuchotea maji, soko dogo, shule, na nyuma ya nyumba za mwisho kilima kimoja kitupu, chenye majani mafupi tu. Shirika lililotukusanya lilikuwa limesema kwamba safari hii bustani ya mtaa haitapangwa na wakubwa. Vijana watachagua pahali, vijana watapanda, vijana watatunza. Tulikuwa tumetoka kupiga kura, na kilima kilikuwa kimeshinda, kwa sababu hakikuwa na mwenyewe, hakikuwa na shamba la mtu, hakuna mama ambaye angefukuzwa na mboga zake. Tulijiona wenye haki na akili. Ndipo Odette akaweka kidole juu ya ile nafasi nyeupe na kuuliza swali lake. Jibu zuri lingekuwa "sijui". Mimi nilisimama na kusema: "Justement, kabisa. Hakuna miti, njo maana tunapanda." Watu wakacheka na kupiga meza. Mmoja akamwambia: "Odette, unaenda kununua chumvi, unauliza juu ya nini kwenu hakuna chumvi?" Hata Papa Dieudo, msimamizi wetu, alicheka mpaka akavua miwani. Odette naye akacheka kidogo, akaondoa kidole. Alikuwa ametoka kula beignet, andazi la kukaanga, na pale alipogusa palibaki alama ya mafuta, duara dogo katikati ya kilima. Ilikaa pale mwaka mzima, kila tulipofungua ramani.

Shuleni masista walikuwa wananiita Alama ya Kuuliza. Nilibishana nao juu ya sare, juu ya toharani, juu ya kwa nini wavulana hawaoshi sahani kwenye sikukuu ya parokia. Nilikuwa najivunia jina hilo, na bado ninalo, kazini na nyumbani. Lakini swali moja ambalo lingefaa kitu mwaka ule niliulizwa na mwingine, nikaligeuza kuwa mzaha mbele ya watu.

Papa Dieudo alikufa mwaka huu, mwanzoni mwa kiangazi. Nilienda kwenye kilio na kukaa upande wa wanawake, kwenye kiti cha plastiki kilichovunjika mguu mmoja na kufungwa kwa waya. Nyuma yangu wanaume wawili walikuwa wanaongea taratibu. "Ule muzee alipandishaka miti," mmoja akasema. "Miti ya wapi?" "Kule juu, na batoto ya paroisse." "Kule juu kuko manyumba." "Njo nasema, alipandishaka." Wakanywa. Baadaye mjane wake, Mama Sabine, akaniita chumbani. Kitanda kilikuwa kimesimamishwa ukutani ili kupata nafasi, na chini ya dirisha kulikuwa na katoni ya nyanya za kopo, imefungwa kwa kamba ya mpira wa baiskeli. "Alisemaka hii ni ya secrétaire," akasema. "Secrétaire njo weye, hapana?" Nikasema ndiyo, maana mimi ndiye niliyekuwa karani wa kundi la bustani. Nilipeleka katoni nyumbani, nikaiweka nyuma ya mlango, na kwa wiki mbili nilikuwa naigonga kwa mguu kila asubuhi bila kuifungua. Nilidhani ninajua kilichomo. Nilikuwa nimeandika karibu yote mimi mwenyewe.

Ukumbi ule ninaukumbuka kuliko darasa lolote nililokaa. Ulikuwa na harufu ya mishumaa na viatu, na ukutani kulikuwa na bango la ndoa takatifu ambalo mtu alikuwa amelichorea bwana harusi masharubu. Jumamosi tulianza na salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha, kisha tukaingia kupanga. Papa Dieudo alikuwa amesomea saikolojia na aliamini kabisa kwamba kijana akiulizwa maoni anabadilika. Alituuliza maoni juu ya kila kitu: benchi zitazame wapi, wasichana wanaogopa kupita njia gani, aina gani ya miti. Tulitaka jacaranda, kama katikati ya mji, tupate kivuli cha zambarau mwezi wa kumi kama watu wa avenyu zenye lami. Leo kazi yangu ni kusoma ripoti za miradi kama hiyo, na nikiona sentensi "vijana wameshirikishwa katika kila hatua", najua kwamba ni kweli, na kwamba ukweli huo hautoshi. Tulishirikishwa. Hakuna aliyetulazimisha. Kwenye fomu kulikuwa na mraba wa kuuliza kama vijana wameridhika na pahali, na mraba wa kuuliza kama majirani wamekubali. Mraba wa kuuliza udongo ni wa namna gani haukuwepo, na mimi niliyekuwa nashika kalamu sikuuona upungufu huo.

Halafu kulikuwa na zawadi. Shirika lilisema tangu siku ya kwanza kwamba mwishoni, baada ya kiangazi, kiongozi mmoja ambaye miti yake itakuwa hai atalipiwa masomo, mpaka chuo kikuu, kitivo cha kilimo. Nafasi ni moja. Tulipiga kura ya viongozi, tukatoka wawili: Odette na mimi. Kwetu wangenilipia chuo, kwa shida na maneno mengi, lakini wangelipa. Kwa Odette hakukuwa na mtu wa kulipa, na yeye ndiye aliyependa udongo. Mimi nilipenda kushinda. Hayo nilikuwa nayajua hata wakati ule. Nisije nikajifanya nimeyagundua leo.

Mara nyingi baada ya mkutano tulienda kula kwao. Watu wake walikuwa pale kabla mtaa haujaitwa mtaa, na bibi yake, tuliyemwita Kambo, alikuwa na jiko la nje la mabati ambamo moshi haukujua pa kutokea. Tulikula bukari, ndio ugali, na lengalenga, mchicha uliopikwa na karanga, na Kambo alitutilia munkoyo, kinywaji cha mahindi, ndani ya vikombe vya plastiki, mtamu, umeanza kuchachuka. Hakuwa bibi wa kutoa mawaidha. Alikuwa mchokozi, alibishana na redio, na mimi aliniita mtoto wa garimoshi, kwa sababu wazee wangu walishuka kutoka kaskazini na kazi ya reli. "Batoto ya train," alisema, "munafika pahali munauliza kama chakula iko tayari." Jumamosi ile ya kura Odette alimweleza tumechagua kilima. Kambo akaacha kumenya karanga. "Kule? Kule ni kwa mukuba." Mukuba ni shaba, hapa kwetu neno hilo kila mtu analijua. "Muti haipendi mukuba. Kule kunaota tu kale kauwa ka bluu. Siye tulikatazwaka kulima kule." Nikamuuliza, kwa adabu lakini kwa kujiamini: "Nani alipima, Kambo?" Akanitazama, akaanza kucheka mpaka mabega yakatikisika. "Nani alipima. Jembe njo ilipima." Odette akanigeukia: "Bea, andika vile." Daftari lilikuwa kwenye magoti yangu. Lilikuwa na safu ya kuandika habari na safu ya kuandika chanzo cha habari, na sikuona vizuri kuandika pale "bibi wa Odette". Nikasema nitaandika nyumbani. Nikala bukari yangu. Sikuandika.

Tulipanda mwezi wa kumi na mbili, mvua ikiwa imeshika. Miti ishirini, safu mbili: ya chini kando ya barabara, ya juu kwenye mgongo wa kilima. Papa Dieudo alituambia kwamba nani achukue safu gani itaamuliwa kwa vikaratasi ndani ya kofia. Siku moja kabla ya sherehe, jioni, lori lilifika na udongo mweusi kutoka bondeni, kwa sababu mkubwa mmoja wa mji alikuwa anakuja kupanda mti wa kwanza na haikufaa achimbe changarawe mbele ya kamera. Udongo ulimwagwa kando ya barabara, tukausambaza kwenye mashimo kumi ya chini. Dereva alisema atarudi na wa juu. Hakurudi, na hakuna aliyemfuata. Mashimo ya juu yalibaki na udongo wake wenyewe, mgumu, wa rangi ya kijivu na wekundu, ambao jembe likigonga ulilia kama sahani. Asubuhi Papa Dieudo akasoma orodha: safu ya chini, Beatrice, safu ya juu, Odette. Nilikuwa nimevaa sare iliyopigwa pasi mara mbili. Nilimkaribisha mkubwa kwa Kifaransa, akapanda mti wake kwenye safu yangu, tukapigwa picha tumeshika koleo moja. Odette alikuwa juu, nyuma ya watu, tayari amechuchumaa anakanyaga udongo kuzunguka miti yake. Picha ninayo. Ukiangalia sana unamwona, mgongo tu.

Mwezi wa tatu majani ya safu ya juu yalianza kugeuka manjano. Mvua ilikuwa bado inanyesha kila alasiri. Odette alikuja na jani mkononi, akaliweka juu ya daftari langu. "Ona. Mvua iko nanyesha, na jani iko nakauka. Shida haiko mayi." Wavulana wakaanza: "Odette, ulipanda miti ao ulipanda mbao?" Mwingine akasema labda anaiimbia nyimbo mbaya. Aliwajibu vizuri zaidi ya walivyomchokoza, akawaambia yeye ana miti kumi inayougua na wao wana vichwa vinavyougua, hakuna tofauti. Lakini kila Jumamosi walikuja wachache zaidi. Kiangazi kilipofika tulibaki sita, kisha wanne, na Jumamosi nyingine sisi wawili tu. Maji yalitoka kwenye forage, upande wa pili wa barabara, ndani ya bidoni, madumu ya njano ya lita ishirini. Mimi nilivuka barabara tu. Yeye alipanda kilima. Nilimwona akipanda na bidoni moja kichwani na nyingine mkononi, anasimama katikati, anabadilisha mkono, anaendelea. Mara mbili kwa wiki tulitakiwa. Yeye alikwenda mara nne. Nilikuwa naweka alama kwenye daftari, msalaba mdogo kwa kila siku aliyomwagilia, na mistari yake ilijaa misalaba kuliko yangu. Naandika haya ili ieleweke wazi kwamba nilijua. Miti yangu ilikuwa imenifika kifuani. Yake ilikuwa vijiti.

Kabla ya tathmini, mwezi wa tisa, Papa Dieudo aliniita nyumbani kwake. Ninaikumbuka meza: kitambaa cha plastiki chenye picha za mananasi, bukari iliyofunikwa kwa sahani, samaki wa thomson wawili kwenye mchuzi wa nyanya, pilipili pembeni. Mama Sabine alikuwa anapiga pasi nyuma ya pazia, na sauti ya chuma juu ya meza ilikuwa inajibu kila sentensi. Fomu ilikuwa kando ya samaki. "Bea, banaomba sababu," akasema. "Safu ya juu ilikufa, banataka kujua juu ya nini: kama haiko kosa ya kiongozi, banaweza kumupa zawadi. Kuko mistari tatu." Nikasema: "Papa, Odette alikuwa namwagilia. Iko ndani ya daftari." "Najua. Nilimuona na macho yangu. Lakini nikiandika sijui, bataniuliza niko nafanya kazi gani hapa." "Kambo yake alisema kule kuko mukuba." Aliacha kula. Alinitazama muda, na leo nadhani kwamba katika muda ule mfupi alielewa kila kitu: kwamba pahali palikuwa pabaya, kwamba palichaguliwa na sisi na kuthibitishwa na yeye, kwamba miezi yote ile na ramani na benchi zote vilikuwa juu ya jiwe. Akasema taratibu: "Mambo ya kambo siwezi kuandika. Andika weye, weye unaandika muzuri." Nyuma ya pazia pasi ilinyamaza. Nikachukua kalamu. Niliandika kwa Kifaransa safi, kwa mwandiko ambao masista waliusifu, kwamba safu ya juu ilikosa umwagiliaji wa mara kwa mara. Haikujaza hata mistari miwili. Kisha Mama Sabine akaniletea maji ya kunawa, nikala nao.

Matokeo yalibandikwa kwenye mlango wa ukumbi, pamoja na maelezo. Odette alifika Jumamosi na bidoni zake mbili zimejaa, kama kawaida, maana hakuna aliyekuwa amemwambia aache. Alizishusha, akasoma. Alisoma mara mbili, nadhani, kwa sababu ilichukua muda mrefu. "Njo weye uliandika?" "Papa Dieudo njo aliniomba." "Sikukuuliza nani aliomba." Nilitamani anitukane, ningepata pa kushika. Alinyanyua bidoni moja, akaenda mpaka safu ya chini, akaimimina yote polepole kwenye mti wangu wa kwanza, ule wa mkubwa wa mji, kisha akarudi kuchukua ya pili na kuimimina kwenye ule unaofuata. "Siwezi kurudisha mayi nyumbani," akasema, akaweka vifuniko, akaondoka na bidoni tupu zikigongana.

Nilikwenda chuo. Mwaka wa tatu mwalimu wetu wa udongo alitupeleka nje ya mji, kwenye uwazi katikati ya msitu, akatuambia tutazame. Majani mafupi, changarawe, hakuna mti hata mmoja, na chini, karibu na viatu vyetu, kiua cha bluu. Akaeleza: shaba ikizidi ardhini mizizi inaungua, na mmea huu mdogo ni miongoni mwa michache inayostahimili, watu wa hapa walikuwa wanaufuata kutafuta shaba kabla ya mzungu yeyote kuja na kipimo. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa na jibu la Odette hatimaye, limechelewa miaka mitano na kulipiwa na nafasi yake. Mwalimu akauliza kama kuna mwenye swali. Kwa mara ya kwanza sikuwa nalo.

Nilimkuta miaka miwili iliyopita. Kazi ilinipeleka upande wa Kasenga, gari likasimama Kasomeno tununue samaki wa kukaushwa, na mwanamke aliyekuwa anapanga samaki kwa ukubwa alikuwa yeye. Amenenepa vizuri, ana mtoto mgongoni na mwingine anayemkata maneno. "Ah, Madame Ingénieur," akasema, bila ubaya, au ubaya ukiwa umefichwa vizuri. Nilimvuta pembeni nikaanza kueleza: shaba, mizizi, kile kiua. Akaniacha nimalize, huku akifukuza nzi kwa kipande cha katoni. "Bea. Ulikuya mpaka huku kunielezea mukuba? Kambo alikuambiaka zamani, mbele yangu, ukikula bukari yake." Nikasema najua. Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini alimwagilia mwaka mzima. "Nilifikiri mayi itashinda," akasema. "Nilikuwa mutoto." Kisha nikasema neno nililokuwa nimelibeba, kwamba ningeandika ukweli kwenye fomu ile angeenda chuo yeye. Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, kama mtu anayeamua jambo. "Ni kura tu," akasema. "Kikaratasi yako ilitoka chini, yangu juu. Chukua hawa, banakauka muzuri." Akaniongezea samaki wawili juu. Njia nzima ya kurudi gari lilinuka samaki, na mimi nilikuwa nimepata nafuu kidogo, nasema hivyo kwa aibu. Kura ni kura. Haina mtu.

Katoni niliifungua Jumapili, nikiwa nimekaa chini sakafuni. Daftari langu na misalaba yake. Ramani, imekunjwa mara nane, na lile duara la mafuta limekuwa kahawia. Picha. Na ndani ya bahasha orodha ya safu, ya kwanza, kama vikaratasi vilivyotoka ndani ya kofia, ambayo sikuwahi kuiona, iliyopigwa kwa mashine siku mbili kabla ya sherehe. Safu ya chini: Odette. Safu ya juu: Beatrice. Majina yote mawili yamepigwa mstari kwa kalamu ya bluu na kubadilishwa, na pembeni Papa Dieudo, ambaye hakufanya kitu bila kusainisha mtu, ameandika: kwa ajili ya picha na hotuba, B. anasema Kifaransa vizuri. Chini yake, kwa mwandiko ninaoujua, na tarehe ya siku ile ya lori, asubuhi, kabla halijafika: "Nakubali. Odette."